Skrini ya kujikunja, na fundi aliyeniuliza kama naangalia picha au kitambaa

Jamani, naandika hasira zikiwa bado za moto. Mtu umetoa milioni na ushei kununua skrini ya projekta, ile inayoshuka kutoka kwenye kasha lake huko juu na kupanda kwa rimoti, halafu fundi wa duka anakujibu akiwa juu ya ngazi, ndani ya nyumba yako: "Nyabo (yaani bibie), wewe unaangalia picha au unaangalia kitambaa?" Swali hilo sijalimeza mpaka leo.

Lakini nianze vizuri, maana skrini yenyewe sitaki kuionea.

Tunakaa Kyaliwajjala, pembeni mwa Kampala, Uganda. Kwenye sebule yetu, ukuta pekee unaotazamana na sofa una dirisha pana. Kuliziba moja kwa moja haiwezekani, chumba kitakuwa tanuri, na mama mkwe akija kututembelea anataka hewa. Ndiyo maana tukataka skrini ya kujikunja: ishuke mbele ya dirisha wakati wa kuangalia, ipande tukimaliza, dirisha lirudi kuwa dirisha. Ya kuvuta kwa mkono niliikataa mapema. Nina watoto wa kiume, najua wangeiachia ijikunje kwa kishindo mpaka springi ilegee. Ukubwa haukutusumbua: inchi 100, yaani upana wa mita mbili na sentimita ishirini hivi, kwa sababu ile ya inchi 120 ingekula mlango wa kwenda jikoni.

Kwenye kitambaa ndipo nilipokaa sana. Ukitundika skrini mbele ya dirisha, mwanga wa nje unakuja kutoka nyuma na kupenya, picha inakuwa kama imefuliwa kwa jiki. Dawa yake ni kitambaa chenye mgongo mweusi. Dukani, kwenye akedi moja (jengo la maduka) ya katikati ya mji, nilichukua kipande cha sampuli nikawasha tochi ya simu nyuma yake. Cha kwanza kikapitisha mwanga, nikakirudisha. Cha pili kikawa giza kabisa, nikasema hiki. Muuzaji alikuwa akiniangalia kana kwamba nampotezea muda, na hakuniuliza hata swali moja. Hakuuliza projekta yetu ni ya aina gani, wala tunaangalia saa ngapi.

Na saa ndiyo habari yote! Hapa tuko kwenye ikweta, jua linazama karibu na saa moja jioni mwaka mzima. Mechi za Uingereza za Jumamosi, zile za saa tisa ya kwao, zinatufikia saa kumi na moja au saa kumi na mbili kulingana na walivyogeuza saa zao. Kwa hiyo nusu ya mpira tunaiangalia mchana bado upo. Kitambaa cheupe kinarudisha kila mwanga unaokipiga, wa projekta na wa mlango ulioachwa wazi vilevile, na rangi nyeusi inageuka kijivu. Kuna vitambaa vya kijivu vinavyovumilia hali hiyo vizuri zaidi. Alikuwa navyo, niliviona baadaye vimesimamishwa nyuma ya kaunta. Kwangu alisema tu, "Chukua nyeupe, ndiyo inang'aa." Muuzaji anayejua kazi yake angeuliza.

Nikalipa. Nikaomba risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, akaniambia ukitaka hiyo ongeza asilimia 18. Yaani kodi ambayo tayari inapaswa kuwa ndani ya bei, ananiuzia kama soda ya ziada. Nikasimama pale mpaka akanipa ya maana, bila kuongeza shilingi. Chini wameandika mali ikishauzwa hairudi. Hayo nitayarudia.

Sasa huyo fundi.

Alikuja na boda. Boksi lina urefu wa mita mbili na nusu, limelazwa mshazari kati yake na dereva, yeye amelishika katikati, ncha zote mbili zinaning'inia na kurukaruka kwenye kila tuta. Nilimwona kutoka getini, roho ikanienda mbio. Ndani ya lile kasha kuna bomba la chuma jembamba ambalo kitambaa kinajiviringisha. Bomba likipinda kidogo tu katikati, kitambaa hakitashuka kikiwa kimenyooka kamwe. Nikamuuliza kwa nini duka halikutuma gari. Akasema boda ina haraka.

Akapanda ngazi na drili. Dari yetu ni ya jipsamu, na jipsamu haibebi kitu kizito. Inatakiwa utafute mbao zilizo juu yake, au zege, ufunge huko. Yeye akatoboa jipsamu tupu, akapachika plagi za plastiki, akaanza kukaza skrubu. Vumbi jeupe likamwagika kwenye sofa, hakuomba hata gazeti la kufunikia. Nikamwambia, "Fundi, hiyo itashuka yote na dari." Akajibu bila kugeuka, "Nyabo, kazi hii nimeianza zamani." Nikamuuliza pima maji iko wapi. Akanionyesha jicho lake kwa kidole.

Akaishusha, tukawasha projekta, ilikuwa siku ya mpira. Niwaelezee nilichokiona, kwa sababu watu wanadhani nalalamikia kitu kidogo. Kutoka kwenye kona mbili za juu, mikunjo miwili ilikuwa inateremka kukutana katikati, halafu chini yake mawimbi ya kulala, moja baada ya jingine. Kamera ikitulia huoni sana. Kamera ikianza kumfuata winga, mstari mweupe wa pembeni mwa uwanja unakwenda sawa, unafika kwenye wimbi unazama, unapanda, unazama tena. Mpira ukipita pale unarefuka, kisha unarudi kuwa duara. Kipa alipoonyeshwa kwa karibu, taya lake lilihama. Ukishaliona jambo hilo mara moja, jicho linalifuata hilo tu, mpira wenyewe huuoni tena.

Nikamwambia hii haikubaliki. Akasema, "Ni kitambaa kipya, itajinyoosha." Itajinyoosha lini? "Itazoea tu." Nikamwambia bomba limepinda au kasha limekaa upande, naomba uliangalie. Hapo ndipo aliponiuliza kama naangalia picha au kitambaa. Mbele ya wanangu. Mbele ya jirani aliyekuja kuona. Akakusanya vyombo vyake, akadai nauli ya kurudi.

Mimi ni mtu wa heshima na fundi namheshimu, kwetu fundi anapewa chai kabla ya pesa. Lakini mtu anayefanya kazi ya picha halafu hajui kwamba picha haiwi bora kuliko kitambaa kinachoipokea, huyo kazi yake ni nini? Vile vibanda vya filamu vya mtaani, ambapo vijei anapaza sauti kuitafsiri filamu yote, wengine wanapaka ukuta rangi nyeupe na kupiga msasa, basi, na hakuna mchezaji anayepinda taya. Ukuta uliopakwa rangi unaishinda skrini ya milioni! Siku ile ningewaambia wote: msinunue hivi vitu, pakeni ukuta.

Halafu likaja la mota. Wapwa wangu walikuja likizo, wakaishika rimoti, juu chini, juu chini, mpaka skrini ikasimama katikati na kugoma. Nikapiga simu dukani. Fundi yuleyule akaja, akabonyeza bonyeza, akasema mota imeungua, ni umeme wenu wa Kyaliwajjala, leteni pesa ya mota mpya. Mume wangu akataka kulipa yaishe. Nikakataa. Jioni nikaichukua rimoti, nikabonyeza, skrini ikapanda yenyewe mpaka juu. Mota hizi za ndani ya bomba zina ulinzi wa joto: ukiziendesha mfululizo kwa dakika chache zinajizima, zikipoa zinarudi. Basi ama hajui mota anayoiuza, ama anajua na alitaka kuniibia. Nimelifikiria sana na sijui lipi ni baya zaidi.

Baada ya hapo shemeji akatuletea mzee mmoja wa Bombo, fundi wa mageti ya kujiviringisha ya maduka. Mota ni ndugu na zile za mageti, kwa hiyo kazi anaijua. Mzee wa watu akaingia, akasalimia, akavua viatu, akaomba shuka kuukuu la kufunikia sofa. Nilitaka kulia. Akagonga dari kwa kifundo cha kidole huku akisikiliza, akapata mbao zilipo, akafungua jipsamu kidogo, akavusha ubao kutoka boriti hadi boriti na kulifunga kasha kwenye huo ubao. Pima maji ikawekwa, povu likakaa katikati. Waya wa ethi, ule wa kukinga mtu asipigwe na umeme, ulikuwa haujaunganishwa kabisa, umekunjwa na kufichwa ndani, nyumba yenye watoto! Akauunganisha. Kisha akachukua bisibisi ndogo, akazungusha zile skrubu mbili za kuamua skrini iishie wapi juu na chini, mpaka ile sehemu nyeusi ya juu ikashuka ya kutosha na picha ikawa sawa na macho yetu tukiwa tumekaa. Yule wa kwanza alituachia picha ya kuangalia shingo imekunjwa.

Tukawasha usiku. Wallahi, nilikuwa tayari kufuta maneno yangu yote. Filamu ya msituni, kila jani lake, giza ni giza, mama mkwe akanyamaza, na yeye si mtu wa kunyamaza. Mikunjo ile miwili ya juu ilikuwa imekwisha kabisa. Nikasema skrini hii naipa nyota tano, mwenye laana ni fundi.

Ikaja Jumamosi, mpira, kamera ikakimbia. Wimbi moja bado lipo, katikati.

Mzee akarudi, akafungua kasha, akavuta uzi kutoka ncha ya bomba hadi ncha ya pili, akaniita. Kwenye ncha uzi umegusa chuma. Katikati kidole changu kimepita kati ya uzi na bomba. Hiyo ndiyo boda ya siku ile, bomba limepinda na halinyooki tena. Akaniambia pia kwamba hata bomba likiwa zima, kitambaa kisichovutwa pembeni huanza kujikunja kingo baada ya muda, na kwamba zipo skrini zenye kamba kila upande zinazokivuta kitambaa kulia na kushoto na kukikaza wakati wote. Ni ghali zaidi, karibu mara mbili kwa bei nilizoulizia. Dukani kwa yule bwana ilikuwepo. Hakunitajia.

Mume wangu anasema usiku haionekani, tuiache. Ni kweli kwa filamu haionekani, na kusema haki kwa filamu bado naipenda. Ningekuwa mtu wa filamu tu ningeipa nyota nne. Lakini sisi ni watu wa mpira, na kila Jumamosi naliona lile wimbi na kumsikia yule kijana. Tatu. Hapana, mbili, na zote mbili ni za mzee wa Bombo.

Kuhusu maandishi yao ya mali hairudi: Uganda ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, na inataka kitu kinachouzwa kifae kwa kazi kilichonunuliwa kufanya. Nilimwambia muuzaji kwenye simu. Akanyamaza kidogo, akasema basi niilete dukani waione. Niilete na nini? Mita mbili na nusu, niifungue darini, niipakie tena kwenye boda? Nimemwambia atume pikapu, ailaze yote chini, asiishike katikati, na aje na bomba jipya. Yule fundi asije naye. Risiti ya EFRIS ninayo, jina la duka limo, namba imo. Wakibadilisha bomba nitarudi hapa kuwaambia na kuwaongezea nyota. Wasipobadilisha, wiki ijayo naishusha, nanunua ile yenye kamba kwenye duka jingine, na mzee ameshakubali kuja kuifunga.