Viazi, tende na mkate wa kumimina: vyakula vya bei nafuu nilivyovipima kwa safari ndefu za baiskeli

Kwa safari inayozidi saa mbili nimeacha kununua jeli za wanga za madukani, nabeba chakula cha jikoni na cha gengeni. Tathmini hii ni ya vyakula hivyo: kipi kinatoa nguvu, kwa kipimo gani, na kipi kinavuruga tumbo. Njia ninayoipimia ni Mwenge, Dar es Salaam, hadi Bagamoyo na kurudi, kilomita mia na ushee, saa nne hadi tano za kukanyaga kwenye joto la pwani.

Hesabu inatangulia, kwa sababu hata chakula kizuri kikiliwa bila kipimo kinakuangusha. Mwili wa mtu mzima aliyeshiba huhifadhi wanga wa gramu 400 hadi 500 hivi kwenye misuli na ini. Ukikanyaga kwa nguvu, akiba hiyo inakaribia kwisha ndani ya saa moja na nusu hadi mbili. Hapo ndipo miguu inapokuwa mizito, kichwa kinakuwa chepesi, na kale kapandisho ka Mapinga unakaona kama mlima. Dawa yake ni gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kuanzia nusu saa ya kwanza. Ukingoja njaa iume umeshachelewa: chakula kinahitaji muda kutoka tumboni hadi kwenye damu, na wewe unaendelea kutumia.

Kinachonipa nguvu nyingi zaidi kwa pesa kidogo zaidi si chakula, ni chupa. Kwenye maji ya mililita 750 natia vijiko vinne vya chakula vya sukari, vilivyosawazishwa kwa kisu (gramu 48 hivi), robo kijiko cha chai cha chumvi, na maji ya nusu ndimu. Chumvi hiyo ina sodiamu ya karibu miligramu 600, inayotosha mtu anayetoka jasho la kawaida. Hata kilo ya sukari ikiuzwa shilingi 3,000, sukari ya chupa moja haifiki shilingi 150. Nakunywa chupa moja kwa saa, mafunda mawili matatu kila baada ya dakika kumi. Usizidishe sukari ukidhani utapata nguvu zaidi: chupa ikiwa nzito kama sharubati, maji yanachelewa kutoka tumboni, unasikia yanacheza na kichefuchefu kinafuata. Na usichanganye na ile dawa ya nyumbani ya kuharisha, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja. Ile inarudisha maji mwilini, lakini sukari yake haifiki nusu ya inayotakiwa hapa, na chumvi yake ni kali.

Sukari ya mezani ina faida ambayo wengi hawaijui. Nusu yake ni glukosi, nusu ni fruktosi, na sukari hizi mbili zinapita kwenye utumbo kwa milango tofauti. Mlango wa glukosi unapitisha gramu 60 hivi kwa saa, basi. Ndiyo maana anayetaka kufika gramu 90 kwa saa lazima achanganye. Gramu 60 za sukari kwenye maji, pamoja na gramu 30 za wanga wa kiazi, unaomeng'enywa kuwa glukosi, zinatoa glukosi 60 na fruktosi 30, yaani mbili kwa moja, uwiano uleule unaoandikwa kwenye pakiti za jeli za bei mbaya. Ila usiruke hadi 90 siku moja. Tumbo linafundishwa taratibu kwa wiki kadhaa, na kwa safari ya kawaida ya Jumapili 60 zinatosha.

Kiazi mviringo ndicho chakula ninachokisifu kuliko vyote kwa saa ya tatu na ya nne, ulimi unapokuwa umechoshwa na utamu. Chagua vidogo, vinavyoingia mdomoni kwa mara mbili. Chemsha na maganda kwenye maji ya chumvi mpaka kisu kipite bila kukwama, dakika 15 hadi 20. Mwaga maji, acha mvuke utoke, menya, nyunyiza chumvi tena, kisha funga viwili viwili kwenye foili. Ukivifunga vingali na mvuke vinatoa maji, vinateleza na kuchacha mapema. Gramu 100 za kiazi kilichochemshwa zina wanga wa gramu 20. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwapa waendesha baiskeli 12 viazi vilivyopondwa, na kwa zamu nyingine jeli, gramu 60 za wanga kwa saa. Kasi yao haikutofautiana. Lakini viazi viliwaletea tumbo kujaa zaidi, na sababu ni wazi: ili upate gramu 60 lazima ule gramu 300. Kwa hiyo sivitegemei peke yake. Viwili kwa saa, mengine yatoke kwenye chupa.

Kiazi kitamu kinafanana nacho kwa wanga, ila kina nyuzi zaidi na kinakaba bila maji. Nakipenda mezani, si barabarani.

Tende zina upande wa pili wa sifa: ndogo, nzito kwa nguvu, haziharibiki. Gramu 100 zina wanga wa gramu 75 hivi. Tatizo ni kokwa na kunata. Hakuna anayetema kokwa salama huku daladala iko pembeni yake. Ninachofanya: gramu 200 za tende zilizotolewa kokwa, kijiko kimoja cha chai cha maji ya moto, chumvi kidogo ya kubana kwa vidole, naponda kwenye kinu mpaka zishikane, kisha naviringisha madonge kumi. Kila donge ni gramu 15 za wanga, hivyo hesabu inakwenda kwa vidole. Usizidi matatu kwa saa. Nyuzi za tende ni nyingi na zikijumlika zitakufanya utafute choo kabla ya Bunju.

Ndizi mbivu inastahili heshima yake. Mwaka 2012 utafiti wa Marekani uliwalinganisha waendesha baiskeli 14 katika mwendo wa kilomita 75, ndizi dhidi ya kinywaji cha michezo, na hakuna aliyeshinda. Ila pima nyama yake, si idadi: gramu 100 bila ganda zina wanga wa gramu 23 hivi, kwa hiyo ndizi moja ndogo ya aina ya kisukari hailingani na mtwike, ndizi kubwa. Chukua yenye madoadoa ya kahawia. Yenye ncha ya kijani bado ina wanga usiomeng'enyika vizuri, na huo ndio unaoleta gesi. Ndizi mbivu sana uile katika saa ya kwanza, kwani kwenye mfuko wa jezi haimalizi safari bila kupondeka.

Sasa mkate wa kumimina. Timu za kulipwa za Ulaya zimekuwa zikiwapa waendeshaji vipande vya wali mtamu vilivyofungwa kwenye foili, na pwani yetu ina kitu bora zaidi tangu zamani. Loweka gramu 500 za mchele usiku kucha. Asubuhi chuja, saga na vikombe viwili vya tui jepesi la mkamuo wa pili, gramu 200 za sukari, kijiko kimoja cha chai cha hamira, nusu kijiko cha chumvi na iliki. Saga mpaka usisikie chenga ukisugua kati ya vidole. Acha uumuke saa moja hivi, mpaka mapovu yajae juu, kisha mimina kwenye sufuria ya moto iliyopakwa mafuta, moto kidogo chini, makaa mengi juu. Mchele na sukari hiyo vinatoa wanga wa gramu 600. Kata vipande 20, kila kipande ni gramu 30. Ni laini, kinatafunika ukiwa unahema, na hakikaushi koo. Usitumie tui zito la mkamuo wa kwanza kama la sikukuu: mafuta yanachelewesha tumbo. Na kwa kuwa kuna nazi, kiliwe siku hiyohiyo. Kikianza kunusa uchachu, kitupe.

Hapo kwenye mafuta ndipo vinapokwama maandazi, vitumbua, sambusa na chapati. Nguvu vinayo, ila inafika tumbo likiwa na nafasi, na ukiwa unakanyaga damu iko miguuni. Karanga na kashata zake vivyo hivyo, karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Mkate mweupe wa boflo, slesi mbili na jemu nyembamba, kingo zimekatwa, unavishinda vyote hivyo kwa gramu 35 hadi 40 za wanga.

Vya barabarani: dafu linaburudisha, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu haba, hivyo lifuatane na kiazi chenye chumvi. Maji ya miwa yana sukari nyingi. Kunywa nusu glasi, ongezea maji yako, na uombe bila barafu, maana barafu isiyojulikana maji yake imeharibu safari nyingi. Soda ya chupa ya mililita 350 ina gramu 37 hivi za sukari. Nailinda kwa saa ya mwisho, naitikisa kwanza gesi itoke.

Asubuhi, saa mbili hadi tatu kabla ya kuondoka, uji wa sembe wenye sukari. Dona ni bora kwa siku nyingine zote, ila pumba zake ni mzigo siku ya safari. Na ukirudi, osha chupa hapohapo kwa maji ya moto na brashi, hasa mdomo wake wa mpira. Sukari na ndimu vikilala humo usiku mmoja, ukungu unaota mahali jicho halioni.