combinations ya Python: nimeipima kwa matunda ya dada yangu

Dada yangu ana kibanda cha juisi karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Anauza juisi ya mchanganyiko, matunda matatu kwa glasi, na matunda yake ni saba: embe, parachichi, pasheni, nanasi, tikiti, papai na ndizi. Alitaka kujua anaweza kutengeneza juisi ngapi tofauti ili aandike ubao mpya. Alikaa na daftari jioni nzima, akapata 31. Nilipozipitia nikakuta mbili zimejirudia. Embe-papai-ndizi na ndizi-embe-papai kwenye blenda ni kitu kimoja.

Nikafungua laptop. Hii kitu inaitwa combinations, inatoa kila mchanganyiko unaowezekana kutoka kwenye orodha; imo ndani ya itertools, moja ya maktaba za Python (lugha ya kuandikia programu), nayo inakuja na Python yenyewe tangu toleo la 2.6 la mwaka 2008. Hakuna cha kupakua, bando langu halikuguswa. Ukishayaandika matunda kwenye orodha iitwayo matunda, kazi yote ni mistari hii:

from itertools import combinations
for m in combinations(matunda, 3):
    print(*m)

Zikatoka 35, hakuna iliyojirudia.

Kilichonifurahisha zaidi ni mpangilio. Haipangi kwa alfabeti wala haibahatishi, inafuata nafasi za vitu kama ulivyoviandika. Embe niliiandika ya kwanza, kwa hiyo juisi 15 za mwanzo zote zinaanza na embe, kisha 10 za parachichi zisizo na embe, halafu 6, halafu 3, na mwisho moja, tikiti-papai-ndizi. Faida yake dada aliiona kabla yangu. Msimu wa embe ukiisha anakata mistari 15 ya juu kwa kalamu, zinabaki 20 za kuuza, hana haja ya kunipigia simu.

Ila ina tabia zake. Mara ya pili orodha niliinakili kutoka kwenye meseji yake ya WhatsApp, na ndizi alikuwa ameiandika mara mbili. Vitu vikawa vinane, zikatoka juisi 56.

"We mdogo wangu, juisi ya papai, ndizi na ndizi ndiyo ipi hiyo?"

Kosa lilikuwa langu. combinations haiangalii kitu kinaitwaje, inaangalia kimekaa nafasi gani. Ndizi ya tatu na ndizi ya nane kwake ni ndizi mbili tofauti. Dawa ni kusafisha orodha kwanza kwa list(dict.fromkeys(matunda)), inayofuta marudio bila kuvuruga mpangilio. Ukitumia set, mkusanyiko usiotunza mpangilio, marudio yanaondoka, lakini na mpangilio unaondoka nao, na zile embe 15 za juu unazikosa. Kama kweli unataka tunda lijirudie, kuna ndugu yake, combinations_with_replacement. Kwa matunda yale yale saba ilinipa 84, ikiwemo embe-embe-embe, ambayo kwa Kiswahili cha kawaida ni juisi ya embe.

Malalamiko sasa. Haikubali len(), amri ya kuhesabu vitu. Ukitaka idadi tu, tumia math.comb(7, 3), iliyoingia kwenye Python 3.8. Mimi sikuijua, nikahesabu kwa kugeuza kila kitu kuwa list (orodha kamili), halafu nikazungusha for juu ya combinations ile ile. Kimya, haikuchapa hata mstari mmoja. Ukishaipitia mara moja imekwisha kama glasi iliyokwishanywewa, unaagiza nyingine. Pia ukiomba matunda manane kati ya saba haikwambii umekosea, inakurudishia patupu. Namba hasi ndiyo inaigombea. Hapo nimeipunguzia nusu nyota.

Na tafadhali, usiibebe yote kwa mpigo. Kijana mmoja wa timu yetu ya mtaa aliniomba nimwonyeshe vikosi vyote vya watu 11 kutoka wachezaji 30. Nikaandika list(combinations(wachezaji, 11)) kwenye laptop ya RAM ya GB 4, ikaganda mpaka nikaizima kwa kidole. Vikosi ni 54,627,300, kuvihifadhi vyote kunataka zaidi ya GB 7. Ukiiacha itoe kimoja kimoja, kama ilivyoundwa, laptop hiyo hiyo inafanya kazi bila kuhema.

Nyota nne na nusu. Dada naye ana yake: tikiti na parachichi hataki zikutane kwenye glasi moja, kwa hiyo niliongeza if (sharti) moja, zikaondoka 5, ubaoni zipo 30.

Wiki iliyopita akaja na wazo la matunda manne kwa glasi, glasi kubwa, bei juu kidogo. Akategemea orodha ndefu zaidi. Nikabadilisha 3 ikawa 4, kabla ya ile if yake, zikatoka 35 tena. Akasema mashine imekwama. Nikamwambia aache mashine, achukue kapu lenye matunda saba, moja la kila aina, atoe manne ya kuweka kwenye blenda. Yamebaki mangapi? Matatu. Kila akichagua manne ya kutia, amechagua matatu ya kuacha.

Akaliangalia kapu. "Basi nipe za manne," akasema, "lakini tikiti na parachichi uzitenganishe."

Safari hii ziliondoka 10.