Skana ndogo ya ELM327 kwa gari linalochemsha: uzoefu wangu

Ukiendesha Vitz ya umbo la pili, lile lililoanza 2005, unajua kwamba dashibodi yake haina mshale wa joto. Kuna taa ya bluu injini ikiwa baridi, na taa nyekundu mambo yakishafika pabaya. Hapo katikati hujui kitu. Kwa sababu hiyo tu nasema skana ya ELM327 ni kifaa cha lazima kwa gari hili, na nitaeleza jinsi ilivyonisaidia kujua kwa nini langu linachemsha kabla sijanunua spea hata moja.

Ni kidude kidogo kinachochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani, kinasoma taarifa za kompyuta ya gari, kisha kinazituma kwenye simu kwa Bluetooth. Dar nilikipata kwa chini ya shilingi elfu thelathini. Kwenye simu nimeweka programu ya Car Scanner, nikachagua ukurasa mmoja unaoonyesha joto la maji ya injini kwa namba na kwa grafu. Mengine yote sikuyahitaji.

Taa nyekundu ilikuwa inawaka kwenye foleni za mchana. Fundi wa mtaani alitaka atoe themostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kupozwa mpaka injini ipate joto: "nchi yetu ya joto, haina kazi." Nilikataa, na nitaendelea kukataa. Bila themostati injini inakaa baridi mno kwenye barabara iliyo wazi, inakunywa mafuta zaidi na kuchakaa haraka, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale.

Namba zikasema hivi. Gari likiwa kwenye mwendo, joto linatulia kati ya nyuzi 84 na 88. Nikisimama kwenye mataa linapanda: 92, 95, 99, 103. Nikiondoka, upepo ukaingia kwenye rejeta, chombo cha mbele kinachopoza maji, linashuka lenyewe. Kwa mtu anayejua njia ya maji ndani ya injini, jibu liko hapo. Pampu inasukuma, themostati inafunguka, rejeta inapitisha maji. Kinachokosekana ni upepo gari likiwa limesimama, na hiyo ni kazi ya feni.

Ingekuwa kinyume chake, yaani gari linatulia kwenye foleni lakini linapanda joto kwenye mlima kama Kitonga au kwenye mwendo mkali, ningeiangalia rejeta iliyoziba, pampu, au themostati isiyofunguka yote. Namba ikirukaruka ovyo, maji yamepungua au kuna hewa imenaswa ndani.

Feni niliipima nyumbani, injini ikiwa imepoa. Nikawasha AC, maana hapo feni inatakiwa izunguke bila kungoja joto: kimya. Fyuzi nzima. Nikachomoa soketi ya mota na kuipa umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya mbili: kimya tena. Nikaigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi huku nyaya zikiwa zimeshika, vidole vikiwa mbali na mapanga, ikazunguka. Mota inayoamka kwa kugongwa kaboni zake, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani yake, zimekwisha. Nilichukua mota ya mtumba kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, nikahakikisha inajaribiwa kwa betri palepale kabla ya kulipa. Sasa kwenye foleni ninaona joto linafika katikati ya tisini, feni inaingia, namba inarudi chini, feni inakata. Ninaitazama kwa raha kabisa.

Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, na linaweza kukuulia injini. Skana hii haipimi chochote yenyewe. Inasoma sensa ya gari, na sensa hiyo imetengenezwa kukaa ndani ya maji. Maji yakiisha, sensa inabaki kwenye hewa na mvuke, na simu inaweza kukuonyesha namba ya upole wakati silinda hedi, yaani kichwa cha injini, inaungua. Kwa hiyo asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua rejeta utazame maji kwa macho. Ikiwa ya moto usiguse kifuniko. Kifuniko kilichoandikwa 1.1, yaani kipimo cha mgandamizo wake, kinayabana maji kiasi kwamba hayachemki mpaka karibu nyuzi 120; ukikifungua, mgandamizo unatoka ghafla na maji yote yanachemka usoni pako. Ndiyo maana pia kifuniko kilicholegea mpira kinaweza kulifanya gari litokote kwenye namba ambayo lingeivumilia. Ni spea ya bei ndogo, ibadilishe mapema.

Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa na injini, nayo skana haioni ikiungua. Kama maji yanapotea na hakuna tone chini, au bomba la mpira la juu la rejeta linakuwa gumu muda mfupi tu baada ya kuwasha gari asubuhi, tafuta fundi mwenye kile kipimo cha dawa ya bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Dawa ikigeuka njano, moshi wa injini unaingia kwenye maji.

Kuhusu ubora: chipu ya ELM327 ilibuniwa Kanada, lakini hizi za bei rahisi karibu zote ni nakala. Zenye jina la toleo la 2.1 mara nyingi hazielewi baadhi ya amri za chipu halisi na zinakataa baadhi ya magari. Magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yanaweza kukataa kabisa hata skana nzuri, kwa hiyo muombe muuzaji aichomeke kwenye gari lako kabla hujatoa hela. Wenye iPhone wasichukue ya Bluetooth ya kawaida, haitaunganika. Wachukue ya Wi-Fi au ile yenye Bluetooth ya nguvu ndogo. Na ukilaza gari, ichomoe, kwa sababu inaendelea kunyonya betri hata swichi ikiwa imezimwa.