TAHADHARI: Kuna jamaa anauza tairi za tela zilizozeeka hapa Tabora, anaziita "spea safi"

Wakuu habari za saa hizi. Hii ni kwa wote mnaovuta tela hapa Tabora, iwe la trekta au la pikapu, hasa nyie mnaobeba tumbaku, mpunga na asali kutoka Sikonge, Urambo na Kaliua. Kuna jamaa anazunguka minadani na kenta imejaa tairi za mtumba na anawapiga watu vibaya sana, na hapa siongelei hela peke yake, naongelea tairi kupasuka mzigo uko juu na watu wako nyuma.

Jina lake siliandiki ila staili yake ndo hii. Tairi zimepangwa vizuri, nyeusi zinang'aa, kashata (yale meno ya tairi yanayogusa barabara) zimejaa kabisa ukiangalia unaona kama haijawahi kugusa lami. Anaanzia elfu sitini, ukikaza sana anakuachia kwa hamsini mpaka arobaini na tano, na maneno yake ni yale yale kwa kila mtu: "Kaka hii haijatembea kabisa, cheki kashata, ilikuwa kwenye tela limepaki tu miaka yote, na wewe si unataka ya spea, spea inakaa tu huko nyuma haifanyi kazi." Watu wanamwamini kwa sababu kashata ni nzima kweli, hajadanganya hapo. Na kupaki napo hajadanganya. Sasa hapo kwenye kupaki ndo penye shida yote na ndo maana nimekaa chini kuandika.

Shemeji yangu alichukua mbili kwake. Alikuwa anaenda kufuata marobota ya tumbaku, njiani tairi moja ya tela ikapata pancha wakafunga ile spea, wakapakia mzigo wakaanza kurudi, mbele ya Ipole kule kwenye pori ambako hata mtandao wa simu ni wa kubahatisha tairi ikaachia. Haikupasuka tu ikaisha, kashata yote ilibanduka kama ganda la muwa ikawa inapiga madigadi kila inapozunguka, imekata waya wa taa za nyuma, tela likayumba likaegemea ukingoni. Utingo alikuwa amekaa juu ya marobota. Mungu ni mwema aliruka akaangukia kwenye majani hakuumia, lakini wamelala porini wanalinda mzigo mpaka asubuhi. Shemeji alipompigia yule jamaa akajibiwa kwamba spea sio ya kutembelea na mzigo, baada ya hapo simu haikupokelewa tena.

Ile ya pili ilikuwa bado nyumbani nikaipeleka kwa fundi tairi tuiangalie vizuri. Tuliipiga maji ya sabuni na brashi ngumu, ule weusi wote ukashuka kwenye maji, kumbe ni oili chafu imechanganywa na kiwi. Chini yake ubavu umejaa mipasuko, ile midogo midogo imezunguka tairi nzima, alafu karibu na rimu kuna mikubwa ambayo ukucha unazama. Fundi akatoa upepo akaubonyeza ubavu kwa goti, mipasuko ikafunguka ukawa unaona nyuzi za ndani kabisa. Tukapindisha na kashata, kwenye mifereji katikati nako kumechanika mistari mirefu, sehemu ambayo ukiiangalia juu juu huoni chochote maana imejaa vumbi na oili. Akaitoa kwenye rimu ndani tukakuta tyubu, wakati tairi yenyewe imeandikwa ni tyubulesi (isiyohitaji tyubu), yani ilishashindwa kukaa na upepo yenyewe wakaiwekea tyubu ili mteja akiiona imejaa aridhike.

Tarehe je? Upande wa nje kulikuwa na herufi za DOT, ule mstari wa namba za kiwandani ubavuni mwa tairi, lakini zile namba nne za mwisho zinazoonyesha tarehe hamna. Hapa wengi ndo wanapigwa. Viwanda haviandiki tarehe pande zote mbili, mara nyingi namba kamili inakuwa upande mmoja tu, na huyu jamaa anazifunga tairi kwenye rimu upande wenye tarehe ukiwa ndani, zisizo na rimu anazilaza tarehe ikiwa chini. Tulivyogeuza tukakuta 3109. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwahiyo hiyo tairi imetoka kiwandani wiki ya 31 ya mwaka 2009. Ukikuta namba tatu tu badala ya nne, hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000, usiulize hata bei. Na ukikuta pale pa namba pamekwanguliwa au pamechomwa pakawa laini, ondoka, hakuna mtu anafuta tarehe nzuri.

Sasa kwanini kupaki ni tatizo. Kiwandani mpira wa tairi unachanganywa na nta na dawa za kuzuia usikauke, tairi ikiwa inatembea inajikunja na kujikunjua, ile nta inasukumwa kuja juu na ndo inakinga mpira dhidi ya ozoni iliyoko hewani. Tairi ikikaa bila kuzunguka haijikunji, kinga haiji juu, jua linachoma, mpira unakauka na kukakamaa mpaka unapasuka. Na jua la Tabora la mwezi wa tisa na wa kumi mnalijua wenyewe. Ongeza na tela lenyewe limekaa na uzito sehemu moja, upepo umepungua, ubavu umejikunja miaka yote upande ule ule. Ndo maana tairi za tela huwa zinakufa kwa umri kabla kashata hazijaisha, ni kinyume na za daladala ambazo zinaisha kashata kwanza. Kwahiyo mtu akikuambia "haijatembea" kwa tela, hiyo sio sifa. Na ile oili anayopaka inazidi kuula mpira, anaiharibu huku anaipendezesha.

Kuna wanaobisha kwamba tairi ikiwa na kashata ni nzima. Uingereza mwaka 2012 basi lilipata ajali wakafa watu watatu, tairi ya mbele ilikuwa na zaidi ya miaka 19 na kashata zake zilikuwa bado zinaruhusiwa kisheria. Baada ya kelele za muda mrefu za familia, kuanzia Februari 2021 kule wamepiga marufuku tairi za zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli za mbele za malori na mabasi. Michelin wenyewe, kampuni inayotengeneza tairi, wanasema tairi ikishafika miaka 10 toka itengenezwe ibadilishwe hata kama inaonekana nzima, NA SPEA IMO, na ikishatumika miaka mitano ikaguliwe na fundi kila mwaka. Baadhi ya watengenezaji wa magari wanasema miaka sita. Mimi kwa tela linalolala juani nafuata hiyo sita, sitaki ubishi.

Sio kila mpasuko ni wa kutupa tairi, hapo niwe mkweli. Vimistari vyembamba kama nywele kwenye ubavu, ukucha hauingii, tairi ina miaka minne mitano, hiyo inaweza kuwa spea ya kukutoa porini. Ila mpasuko ukiwa ndani ya mifereji ya kashata, au pale kashata inapokutana na ubavu, au karibu na rimu, au ukibonyeza unafunguka, au kuna sehemu imevimba hata kidogo, hiyo ni ya kukatwa. Tena usitegemee macho peke yake, kuna uozo usiouona, ule mpira unaoshika zile waya za ndani zilizoko chini ya kashata unaachia taratibu huku nje pako safi, ndo ile kubanduka iliyompata shemeji. Kwa hiyo tarehe kwanza, mipasuko baadaye.

Na hiki kitu cha spea kukaa tu, jamani. Spea inafungwa muda gani? Muda ambao umeshaharibikiwa, mzigo umejaa, uko mbali na fundi, pengine usiku. Ni tairi inayotoka kwenye kulala inaenda moja kwa moja kubeba tani bila hata kupashwa. Inatakiwa iwe na nguvu ile ile ya wenzake.

Jambo lingine, jamaa anachanganya tairi za salun (gari ndogo za kawaida) humo humo. Angalieni namba ya uzito baada ya saizi. Ile tairi ya Hiace 195R14C mara nyingi ina 106/104, ikifungwa moja moja 106 ni kilo 950. Tairi ya salun yenye 91 ni kilo 615 tu. Tela la tairi mbili ukiliwekea tani moja na nusu kila tairi inabeba kilo 750, sasa piga hesabu mwenyewe hiyo ya 91 itafika wapi. Kama ina herufi ST mwanzoni hiyo imetengenezwa kwa ajili ya tela, usiifunge kwenye gari lenyewe.

Kwa ambaye tayari kashanunua: usiijaze upepo ukiwa umesimama mbele ya ubavu, hizi zinaweza kupasuka hapo hapo kwa fundi na zimeshaua mafundi wengi, simama upande wa kashata na tumieni mpira mrefu wa upepo. Ukilazimika kuifunga njiani, shusha mzigo kwanza hata nusu, tembea spidi arobaini isizidi, mtu asipande juu ya tela, ukifika penye makazi itoe. Hela yako mdai ukiwa na shahidi, na kama uliandikiana nae au ulimlipa kwa simu tunza ule ujumbe, peleka polisi au kwa afisa biashara wa halmashauri. Shemeji ameshafungua malalamiko. Na ile tairi msiirudishe mzima mzima mkaona yameisha, maana ataipaka tena ataiuza kwa mwingine, ipige picha na tarehe yake ionekane, mkishamalizana ikateni ubavu kwa msumeno.

Kijana anayembebea mizigo huyo muuzaji amesema wiki hii wanapakia kuelekea Urambo alafu Kaliua, kenta nyeupe turubai la bluu. Wenye ndugu wanaovuta tela huko wapigieni leo, wakifika mnadani waombe kitambaa chenye maji ya sabuni wafute ubavu mbele yake kabla ya kutoa hela. Akikataa kufutwa, basi.