Injini imeundwa upya, Land Rover bado inadondosha oili: sili na gasketi za kununua, kuanzia iliyo bora

Tangu tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, wasomaji wananiandikia malalamiko ya namna moja. Mtu ana Series III, Land Rover ya zamani, aliyoachiwa na baba au babu. Injini imeshushwa, silinda zimechongwa, pistoni mpya, rangi inang'aa. Haujapita mwezi, chini ya gari kuna doa. Akimuuliza fundi anajibiwa, "Bosi, Land Rover isiyovuja ujue haina oili." Msemo huo siupendi hata kidogo. Umewalinda wauzaji wa sili mbovu kwa miaka mingi, na umewafanya watu wazima wakubali kulaza kipande cha boksi chini ya gari walilolitengeneza kwa mamilioni.

Hapa naongelea injini ya petroli ya lita 2.25, ile ya sentimita za ujazo 2,286 iliyoanza kutumika 1958. Ya dizeli kwa upande wa chini ni ndugu yake, kwa hiyo mengi yanaihusu pia. Gasketi ya silinda hedi naipita, maana hiyo hata mwenye duka atakushauri ununue nzuri.

Kabla ya kutoa hela, jua oili inatokea wapi. Chini ya nyumba ya flaiwili (gurudumu zito lililo nyuma ya injini) kuna tundu dogo la kufungwa kwa plagi pale tu unapovuka maji. Likidondosha, nusa. Oili ya gia boksi ina harufu kali ya kiberiti, ya injini haina. Ikiwa ni ya injini, usikimbilie kushusha gia boksi, kwa sababu gasketi ya kava la tapeti (kifuniko cha juu ya injini) ikivuja kwa nyuma, oili huteremka ukutani mwa injini na kutokea palepale. Osha injini, ikauke, paka unga wa chaki, endesha, kisha angalia mstari unaanzia wapi. Na uvue ile kofia ya kujazia oili, uisafishe wavu wake kwa petroli. Ikiziba, presha ndani ya injini inapanda, na hakuna sili duniani itakayovumilia.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho karibu kila anayeniandikia alikisahau. Kepu ya beringi kubwa ya nyuma (kifuniko kinachoshika krenki, mhimili mkuu wa injini) ina vipande viwili vya mpira ubavuni, kila upande kimoja, vyenye umbo la herufi T. Ni vidogo, havina sura ya kitu cha maana, na kwenye seti ya gasketi na sili vinakuwa chini kabisa ya mfuko. Kazi yake ni kuziba mwanya kati ya kepu na bloku. Nimevipanga mezani vya seti za bei chee pembeni mwa vya Land Rover yenyewe: vya bei chee ni vifupi na vigumu, na kimoja kilikuwa na mshono wa kalibu ubavuni ambao ungeweza kupitisha oili siku nzima. Kinachotakiwa ni kirefu kidogo kuliko nafasi yake, ili kepu ikishakazwa ukikate kikiwa kimechomoza chini ya milimita moja. Hapo ndipo gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) inapokikandamiza. Kikiwa kifupi, pale kwenye kona panabaki kijitundu, na kijitundu hicho hutakiona mpaka injini imerudi mahali pake.

Hata kilicho kizuri huharibiwa wakati wa kufunga. Ukingo wa bloku ni mkali, unakata mpira kepu inaposukumwa ndani. Upunguze ukingo huo kidogo kwa tupa, paka oili, sukuma taratibu, halafu weka tone la silikoni kwenye kona zote mbili kabla ya sampu. Ukikosea, gharama yake si ya mpira. Kwenye Series ni kufungua sakafu, kutoa boksi la viti, kutoa gia boksi, klachi, flaiwili na nyumba yake. Yote hayo kwa vipande ambavyo Uingereza vinauzwa pauni chache.

Kwa hiyo namba moja kwenye orodha yangu ni vipande vya T pamoja na sili ya nyuma ya krenki, vya Land Rover yenyewe, vilivyonunuliwa peke yake hata kama umeshanunua seti kamili. Uliza kwanza injini yako ina beringi kubwa ngapi. Mpaka 1980 zilikuwa tatu, na sili yake imekatwa, inazungushiwa krenki na springi yake inafungwa kwa kindoano. Mahali ilipokatwa paelekee juu, na kindoano kisikae karibu na hapo. Kuanzia 1980 beringi ni tano na sili ni ya kipande kimoja. Haziingiliani, ingawa wapo watakaokuuzia yoyote wakisema "hii ya Land Rover".

Ila kwa sili ya nyuma ya injini ya beringi tano, na kwa sili ya mbele kwenye kava la cheni, badala ya Land Rover yenyewe mimi ni Corteco na sitafuti sababu ya kuficha. Ni jina la Freudenberg, Wajerumani wanaotengeneza sili za namna hii tangu miaka ya 1930, na unaiona kazi yao kwenye mdomo wa sili: mwembamba, umekatwa safi, unarudi wenyewe ukiukunja kwa kidole gumba. Fanya hivyo hivyo dukani kwa sili yoyote. Mpira uliokaa rafuni miaka mingi juani unakauka, na ukiukunja unaonyesha nyufa ndogo.

Namba mbili ni seti ya gasketi ya Payen au Elring. Yoyote kati ya hizo, chagua iliyopo. Kabla ya kuifunga, laza sampu na kava la tapeti juu ya kitu kilichonyooka. Mafundi waliopita walikaza sana na bati limebonyea kwenye matundu ya bolti, kwa hiyo ligonge taratibu mpaka lirudi. Gasketi mpya juu ya bati lililopinda ni hela ya bure.

Namba tatu, gundi. Hylomar ya bluu, iliyotengenezwa kwa ajili ya injini za ndege za Rolls-Royce, haikauki ikawa ngumu, na kwenye gasketi za karatasi inatosha kuipaka kama ukungu. Silikoni iishie kwenye zile kona. Inayopakwa kwa wingi humeguka ndani na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili.

Seti za bei chee: chukua za karatasi ukikwama, mipira tupa. Dawa za kumimina ili kuzuia uvujaji sizipi namba.

Kinachoniudhi zaidi ni madukani. Gerezani na Kariakoo, Dar, nimeambiwa mara nyingi kwamba vipande vya T "haviuzwi, chukua seti nzima". Seti yenyewe imefunguliwa, imefungwa upya kwenye nailoni, imebandikwa karatasi ya "orijino", na bei inabadilika muuzaji akisikia gari limefanyiwa ukarabati mkubwa, kana kwamba aliyetengeneza gari la babu yake anastahili kutozwa faini. Ukidai kuona mpira kabla ya kulipa unaonekana mkorofi. Dai hivyo hivyo, na fungua mfuko mbele yake. Na kama unalijua duka Dar, Arusha au Mombasa linalouza vipande hivyo viwili peke yake, niandikie jina lake, nitaliweka juu kabisa ya ukurasa huu.