PD-120 au PD-7 kwenye moduli ya TD-27?
Usiuze pedi zako za zamani za ngoma za kielektroniki za Roland kabla hujazichomeka kwenye moduli, yaani kifaa kinachotoa sauti za ngoma. PD-120 ya mwaka 1997, yenye ngozi ya wavu, ina kihisi cha piezo (kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme) katikati na kingine ukingoni. Kwenye TD-27 ya 2020 itumie na waya wa stereo. Ukiweka wa mono, ukingo unakuwa bubu. Fungua wavu, uguse sponji ya katikati: ikimeguka vidoleni, badilisha, maana mapigo mepesi yatapotea.

PD-7 ni ya mpira, haichakai upesi, ila ukingo wake ni swichi. Kwenye mipangilio ya moduli, chagua aina ya pedi inayosoma swichi. Kwa ngoma ya snea nachukua PD-120 bila kusita. PD-7 naipa kazi ya toazi, kwani ukibana ukingo sauti hukatika.