Wino mwekundu, wino wa kijani: Die unendliche Geschichte na tafsiri zake

Nakala ya kwanza ya riwaya hii niliyoinunua ilikuwa ya Kiingereza, ya jalada jepesi, iliyopigwa chapa kwa wino mweusi mtupu, na niliimaliza nikijiuliza sifa zote zile zilitoka wapi. Miaka kadhaa baadaye niliishika ile ya Kijerumani yenye jalada gumu, ndipo nilipotambua kwamba awali nilikuwa nimesoma hadithi tu, bila kukisoma kitabu chenyewe.

Mwandishi Mjerumani Michael Ende aliitoa riwaya hii, ambayo jina lake lina maana ya „Hadithi isiyo na mwisho“, mwaka 1979 kupitia kampuni ya uchapishaji ya Thienemann mjini Stuttgart. Mvulana mnene na mwoga aliyefiwa na mama, Bastian Balthasar Bux, anaiba kitabu katika duka la vitabu vikuukuu na kujificha nacho darini shuleni. Kitabu hicho kinasimulia habari za Phantásien, nchi inayomezwa kidogo kidogo na kisicho kitu chochote, ambayo malkia wake hatapona mpaka mwanadamu ampe jina jipya. Kitabu alichoiba Bastian kimeelezwa kuwa na jalada la hariri ya rangi ya shaba, lenye nyoka wawili wanaoumana mikia, na maandishi ya rangi mbili. Nacho kitabu alichonacho msomaji kimechapishwa kwa rangi mbili vilevile: mambo ya ulimwengu wetu kwa wino mwekundu, mambo ya Phantásien kwa wino wa kijani. Kwa hiyo Bastian anapolitamka lile jina mwishoni mwa sura ya 12 na kutumbukia ndani ya hadithi, wino mwekundu unatoweka, na msomaji anapekua sura baada ya sura bila kuuona tena, hata anaanza kuingiwa na wasiwasi kama kijana huyu atarudi nyumbani. Matoleo yanayobana gharama huweka herufi za mlazo mahali pa rangi; maana inabaki, lakini ule wasiwasi haupo.

Michoro ni ya Roswitha Quadflieg. Sura ni 26, na kila moja inatanguliwa na herufi moja ya alfabeti iliyochorwa ikajaza ukurasa mzima, kuanzia A hadi Z, na neno la kwanza la sura huanza kwa herufi hiyo hiyo. Nilidhani ni pambo, mpaka nilipofika sura ya 23. Humo wamo watu waliopoteza kumbukumbu zao zote, na kazi yao ya kutwa ni kurusha dadu zenye herufi, kwa kuwa hadithi zote za dunia, mwisho wa yote, ni herufi 26 zinazopangwa na kupanguliwa. Hapo ile michoro mikubwa niliyoipita kwa haraka ilinirudia yote kwa mpigo. Mwaka 2019 lilitoka toleo lenye picha za Sebastian Meschenmoser, nyingi na za kupendeza, lakini mimi nabaki na Quadflieg, kwa sababu herufi zake hazinilazimishi kuona sura ya mtu yeyote.

Mfasiri wa kitabu cha namna hii amefungwa mikono tangu neno la kwanza la kila sura. Ralph Manheim, ambaye tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1983, aliufuata mpangilio huo wa herufi bila sentensi zake kuonekana zimekazwa. Simlaumu sana kwa kubadili majina, ingawa Phantásien kuwa Fantastica na yule kiumbe Fuchur kuwa Falkor kumeondoa ladha fulani. Kinachonikera ni maandishi ya ile nishani anayoivaa Bastian. Kijerumani kinasema „Tu was du willst“, yaani fanya unachotaka, na Manheim ameandika maneno yenye maana ya kufanya unachotamani. Bastian naye anayaelewa hivyo hivyo, na kila tamaa anayoitimiza inamgharimu kumbukumbu moja, ilhali simba Graógramán amekwisha kumweleza kuwa kinachotakiwa ni utashi wake wa kweli, na kwamba hakuna njia ngumu kuliko hiyo. Kiswahili kingeweza kusema „Fanya utakalo“, na kwa kuwa „utashi“ umetokana na „kutaka“, ule mtego ungebaki mahali pake.

Nimejaribu kuwaza tafsiri ya Kiswahili ingekuwaje, na pingamizi la kwanza, la alfabeti, linaonekana kubwa: hatuna Q wala X, na C haisimami bila H. Lakini tazama alivyofanya Ende mwenyewe. Sura ya C inaanza kwa jina Caíron, ya Q kwa Quérquobad, ya X kwa Xayíde. Herufi tatu tunazozikosa zimeokolewa na majina ya watu, na majina hayahitaji kufasiriwa! Hata „ch“ ya Fuchur ni ile „kh“ tunayoitamka katika „subalkheri“. Ugumu uko kwingine. Fuchur ni kiumbe chema, mweupe kama lulu, mwenye kichwa cha simba, lakini ukimwita joka, msomaji wetu ataona nyoka mkubwa na balaa lake. Nacho kile kinachoimeza nchi hakiwezi kuitwa „utupu“ bila watoto kucheka, maana utupu ni uchi pia.

Filamu ya mwaka 1984 iliishia takriban katikati ya kitabu, na Ende alichukizwa nayo kiasi cha kutaka jina lake liondolewe. Aliyeiona filamu tu bado hajakutana na nusu ile ambayo Bastian anageuka kuwa mtu wa kuogopwa, nusu ambayo kwangu ndiyo bora.

Anayetaka kununua nakala iliyokwisha kutumika aanze na ukurasa wa mwanzo, ambako jina la duka la Karl Konrad Koreander, lile alimoiba Bastian, limeandikwa kinyume, kama linavyoonekana kwenye kioo cha mlango mtu akiwa ndani. Kisha aruke hadi sura ya 13 na kutazama rangi ya wino. Ikiwa ni nyeusi, arudishe kitabu rafuni na aendelee kutafuta.